Kukata Maini

Kwetu mtu akikuumiza tunasema amekukata maini.
Mimi nalipwa kwa kazi hiyo.
Upanga, ghorofa ya pili, feni inakoroma kama mgonjwa,
nakata ini lililogandishwa kwenye nta,
vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu,
naviopoa majini kwa kioo,
naandika namba kwa penseli, maana wino huoshwa na spiriti.

Namba ya leo ina mwenyewe: Kassim Tindwa,
dalali wa karanga, Tandale,
miaka thelathini akipima ubora kwa meno:
anafikicha, anapuliza, anatia mdomoni.
Zenye ukungu hazikutupwa. Zilichanganywa na nzima, zikasagwa,
na mnunuzi akisita, Tindwa alionja yeye kwanza.
Sumukuvu haina ladha.

Nakueleza nilivyoelewa mimi.
Ndani ya kila seli kuna balozi,
kama yule wa nyumba kumi, zama za daftari la wageni.
Jina lake la kazini ni Hamsini na Tatu.
Hana makuu. Anapita, anaondoka,
kwenye ini zima humwoni hata ukimtafuta.
Lakini uzi wa urithi ukikatika tu, yupo mlangoni:
Simama. Usizae kwanza. Shona hapo palipochanika.
Ukishoneka, anaaga.
Usiposhoneka, anavuta kigoda, anakaa, anasema taratibu,
Basi, mwanangu. Funga nyumba.

Na seli inatii!
Hilo ndilo lililonikalisha chini nilipolisoma.
Inatoboa vinu vyake yenyewe,
mikasi iliyokuwa imelala ndani inaamka,
inakata nguzo, inakata daftari,
seli inajikunyata, inajifunga vifurushi vidogo vidogo,
majirani wanavimeza kimya.
Hakuna turubai barabarani,
hakuna anayepita na daftari la rambirambi.
Imekufa moja ili nyumba tisa zilale.

Sasa huyu wa Tindwa.
Nimetia dawa, nimesubiri, nimeinama kwenye hadubini:
kahawia. Viini vyote kahawia, uwanja mzima,
mabalozi wamefurika kama foleni ya kupiga kura.
Mwaka wangu wa kwanza kazini nilishangilia picha kama hii.
Dokta Ngalula akanigusa bega.
"Stamili, balozi mzima haonekani.
Ukiona wamerundikana hivi, ujue ni mabubu.
Hawaondoki kwa kuwa hawajamaliza walichojia."

Herufi moja tu.
Pale mia mbili arobaini na tisa
sumu iliingia, ikafuta G, ikaandika T,
na balozi akasahau neno lake.
Anafika. Anasimama. Anafungua kinywa.
Seli inamtazama, kisha inazaa mbele yake,
na watoto wake nao wanazaa.

Nasogeza kioo. Kushoto. Juu. Pembeni, karibu na mshipa.
Hapa.
Imesinyaa, rangi ya waridi, ya mviringo,
kiini kimepasuka punje punje kama mbegu za ufuta.
Sijui nani aliiambia.
Labda ilipitia njia nyingine, njia zipo,
labda palibaki balozi mmoja mwenye ulimi.
Moja, katika maelfu, ilisikia ikafunga nyumba.
Haibadilishi majibu. Fomu haina hata mstari wa kuiandika.
Nimeitazama muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa.

Dirishani yupo binti yake, Mwanvita,
risiti mkono huu, mfuko mkono ule.
Haulizi majibu. Anasukuma mfuko chini ya kioo:
"Za msimu huu, dada. Baba kazichagua mwenyewe."

Nimepokea. Ningefanyaje?
Nimerudi ndani, nimezimwaga mezani, nimewasha taa,
nazigeuza moja moja kwa ncha ya penseli,
nzuri, nyekundu, zimejaa,
na macho yangu haya yanayolipwa kwa kuona
hayaoni kitu.